Kioo cha tabaka hupasuka kwa sababu mbili, na zote zinazuilika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi wenzangu, wauza vioo na wateja wetu kuhusu kazi ya kioo cha tabaka: vibao vya majina ya nyumba, sahani za mapambo, ngao za washindi na picha za ukutani zinazotengenezwa kwa kupanga shiti juu ya shiti na kuziunganisha kwa moto wa tanuru. Ni kazi nzuri, na malighafi yake inatupwa nyuma ya maduka ya aluminiamu na vioo. Kinachoiharibia jina ni jambo moja. Mteja ananunua kitu kizima, anakiweka sebuleni, na wiki mbili au tatu baadaye kinalia pa! na kugawanyika bila kuguswa na mtu. Fundi anasema kioo kilikuwa kibovu. Mteja anaamini, na harudi tena.

Kioo hakikuwa kibovu. Ama kiliunganishwa na kioo kisichoendana nacho, ama kilitolewa tanuruni kabla hakijatulia, yaani kabla hakijapozwa taratibu vya kutosha. Fundi asitafute sababu ya tatu kabla hajajiuliza hizo mbili.

Kila kioo hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, na kila aina ina kiwango chake. Kioo cha rangi kinachotengenezwa maalumu kwa kazi hii, kama cha Bullseye cha Portland, Marekani, kinajulikana kwa namba 90, na lipo kundi jingine la namba 96. Kioo cha kawaida cha dirisha kiko karibu na 84. Namba hizo ni kiwango cha kutanuka, kwa sehemu za milioni kumi za urefu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo tofauti ya 6 inaonekana si kitu. Tupige hesabu. Chukua kazi yenye urefu wa sentimita 30 na iache ipoe kwa nyuzi 500. Kioo cha 90 kitasinyaa kuliko cha 84 kwa milimita 0.09 hivi, unene wa unywele. Inatosha kabisa. Vipande vimeshagandana, kimoja kinataka kuwa kifupi kuliko mwenzake na hakina pa kwenda, na mvutano huo unabaki humo ndani ukingoja siku ya kiyoyozi, ya jua la dirishani au ya maji ya moto.

Ndiyo maana chupa ya soda haiwekwi juu ya kioo cha dirisha, wala rangi nzuri zilizoagizwa nje haziwekwi juu ya shiti ya dukani hata zikivutia vipi. Hata shiti mbili za dirisha, moja nyeupe na nyingine ya bronzi, zikiwa zimetoka viwanda tofauti zijaribiwe kwanza. Sokoni kwetu kuna shiti za ndani, kama za kiwanda cha Mkuranga mkoani Pwani, na kuna zinazoingizwa kutoka nje. Zikishakatwa vipande hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha.

Jaribio lake halina gharama kubwa. Kata ukanda wa kioo utakachotumia kama msingi, upana sentimita 5 na urefu 20. Juu yake panga vipande vya sentimita 2 kwa 2 vya kila kioo unachokitilia shaka, uviachanishe vizuri, na usisahau kuweka kimoja kilichokatwa kwenye msingi wenyewe. Choma mpaka viungane kabisa, poza kwa utaratibu nitakaoueleza, kisha tazama kwa tando mbili za polaraiza, yaani zinazopitisha mwanga wa uelekeo mmoja tu. Tando hizo zipo kwenye kila skrini ya LCD, moja mbele na moja nyuma, na skrini mbovu za simu na runinga zimejaa kwa mafundi wa vifaa vya umeme. Weka taa nyuma, zungusha utando mmoja juu ya mwingine mpaka kuwe giza, halafu ingiza ukanda wako katikati. Kipande kinachoendana na msingi hakionyeshi kitu. Kisichoendana kinazungukwa na mwanga, hasa kwenye pembe, na mwanga ukiwa mkali kioo hicho kiweke kando moja kwa moja. Kile kipande cha msingi kilichowekwa juu ya msingi ndicho shahidi wako: nacho kikiwaka, basi tatizo haliko kwenye mchanganyiko, liko kwenye namna ulivyopoza, na jaribio zima lirudiwe.

Mwenye tochi ya gesi ana njia ya haraka zaidi. Gandanisha vipande viwili vyembamba ubavu kwa ubavu, vipashe moto mpaka vilainike, kisha vuta uzi mrefu. Uzi ukipoa ukabaki umenyooka, vioo hivyo vinakaribiana. Ukipinda, kilicho upande wa ndani wa pindo ndicho kinachosinyaa zaidi. Njia hii ni ya kuchuja tu, haichukui nafasi ya ile ya tando.

Vioo vingine haviingii kabisa kwenye kazi ya shiti. Kioo kilichoimarishwa kwa moto, kama vya pembeni vya gari na vya milango mingi ya maduka, hakikatiki: kiguse kwa kikata kioo na kitamwagika chembechembe. Kioo cha mbele cha gari kina utando wa plastiki katikati, nao huungua na kutoa moshi na mapovu. Kioo cha kujitazama kina rangi na fedha mgongoni. Vile vya majengo vinavyorudisha mwanga vina utando wa madini usoni ambao tanuru huugeuza doa.

Kioo cha dirisha cha siku hizi kina pande mbili zisizofanana, na wengi hawalijui hilo. Hutengenezwa kwa kumiminwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, mbinu iliyotangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959, na upande uliogusa bati hubaki na chembe zake. Upande huo ukinyooshwa au kukunjwa kwa moto huweza kutoa ukungu mweupe usiofutika. Huutambui kwa macho wala kwa ile taa ya kukagulia noti, ambayo kwa kawaida ni ya nanomita 365. Inatakiwa taa ya mwanga wa urujuanimno wa mawimbi mafupi, nanomita 254, gizani, ukiwa umevaa miwani ya kinga na glavu kwa sababu mwanga huo unaunguza macho na ngozi. Upande wa bati unang'aa kama maziwa. Weka alama, kisha panga shiti zote upande wa bati ukiangalia chini, isipokuwa una sababu ya kufanya vingine.

Sasa kazi yenyewe. Nichukue mfano wa picha ya sentimita 20 kwa 30 yenye tabaka tatu za kioo cha milimita 4. Uzito wa kioo ni gramu 2.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo kila shiti ina gramu 600 na kazi nzima kilo 1.8. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kukata, maana kioo kilichoyeyuka kikiachwa huru hutafuta unene wa milimita 6 hadi 7. Shiti moja ya milimita 4 hujivuta ndani na kuota miiba kingoni. Mbili husambaa kidogo na kutulia. Tatu, ambazo ni milimita 12, humwagika zisipozuiwa. Kwa hiyo zunguka kazi na kuta za matofali membamba ya tanuru, kila ukuta ukiwa umevalishwa karatasi ya nyuzi za kauri ya milimita 3 upande wa ndani. Karatasi hiyo ikatwe iwe chini ya unene wa mwisho kwa milimita 3, yaani hapa iwe na kimo cha 9. Ikiwa ndefu kuliko hapo, kioo kinachoshuka hushikwa na nyuzi zake na kubakiza kingo kali kama sindano.

Uzuri wa tabaka ni kina. Kilicho mbali kiwe shiti ya chini, cha kati katikati, cha karibu juu. Ukichora pwani, weka anga na wingu chini, maji katikati, jahazi na mikoko juu, nawe utapata kivuli cha kweli kati ya tanga na maji ambacho brashi haiwezi kukitoa. Usijaze kila shiti. Penye rangi nzito katika tabaka zote tatu panakuwa tope tu.

Rangi kwa kioo cha dirisha ni enameli (unga wa kioo wenye rangi) zilizotengenezwa kwa ajili yake, au oksidi za madini zilizosagwa pamoja na unga wa kioo kilekile cha shiti. Oksidi ya shaba hutoa buluu ya kuelekea kijani, kobalti hutoa buluu nzito, na kobalti kidogo mno inatosha. Paka nyembamba. Ukitumia gundi ya mti kushikisha unga, iwe ya maji sana, na choma kila shiti iliyopakwa peke yake kwanza mpaka nyuzi 700 hivi, matundu ya tanuru yakiwa wazi katika nyuzi 500 za mwanzo, uitulize, ndipo uipange na wenzake. Gundi isiyoungua mapema hufungiwa kati ya tabaka na kuacha mapovu ya kijivu.

Karatasi nyembamba ya shaba huwekwa kati ya tabaka na hugeuka nyekundu iliyokolea au hudhurungi. Waya wa shaba usizidi nusu milimita, kwa kuwa shaba hutanuka karibu mara mbili ya kioo. Ukiwa mnene utaona nyufa zikiufuata. Aluminiamu iacheni: huyeyuka kwenye nyuzi 660, kabla kioo hakijaungana.

Kuhusu bamba la tanuru, tope la kinga linalozuia kioo kisigandane nalo linatengenezeka hapahapa. Changanya kwa ujazo sawa alumina hidrati (unga mweupe wa madini) na kaolini (udongo mweupe) iliyochujwa vizuri, kipimo kimoja cha unga huo kwa vipimo vitano vya maji. Kaolini tunayo katika vilima vya Pugu, kazi ni kuisafisha mchanga. Paka mara nne au tano kwa brashi laini, kila mara ukibadilisha uelekeo, kisha kausha bamba kwenye nyuzi 260 kwa dakika 20. Bamba lenye unyevu hutoa mvuke, na mvuke huinua lengelenge kubwa katikati ya kazi. Baada ya kila moto wa kuyeyusha, kwangua tope lote na upake upya, kwani kaolini iliyokwisha kuchomwa hivyo hung'ang'ania kioo mara ya pili.

Osha shiti kwa maji na sabuni kidogo, suuza, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na toa alama zote za kalamu. Alama ya kidole ikibaki kati ya tabaka itaonekana daima. Kioo cha dirisha pia hupenda kuota ganda la ukungu juu, nalo huanzia penye uchafu. Maji ya boraksi, kijiko kimoja cha chai kwenye robo lita pamoja na tone la sabuni ya vyombo, yakipakwa usoni mwa shiti ya juu na kuachwa yakauke, hupunguza sana tatizo hilo.

Moto uende hivi kwa unene wa milimita 12. Panda nyuzi 100 kwa saa mpaka 540, kisha kwa mwendo uleule mpaka 680, na hapo simama saa nzima. Saa hiyo ndiyo inayotoa hewa: shiti ya juu inalainika na kulala taratibu, hewa inakimbilia kingoni kabla kingo hazijazibika. Anayeiruka ndiye anayelalamikia malengelenge. Halafu panda nyuzi 250 kwa saa mpaka 835, kaa dakika 10 hadi 15, ukichungulia kupitia tundu. Uso ukiwa bapa na kingo zimeviringika, imetosha. Kutoka hapo acha joto lishuke upesi mpaka 550 bila kuliweka kati ya 800 na 700, kwa kuwa hapo ndipo ganda la ukungu huota. Tanuru linaloshuka polepole lifunguliwe kidogo kwa sekunde chache tu, lifungwe, na zoezi lirudiwe.

Ninaomba msomaji asimame hapa kwenye 550, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinapouawa. Kioo kinachopoa huwa kigumu nje kabla ya ndani. Nje kukishaganda, ndani kunaendelea kusinyaa na kuvuta, na kwa kuwa nje hakusogei tena, mvuto huo unafungiwa humo. Kukituliza maana yake ni kukishikilia kwenye joto ambalo bado kinaweza kujinyoosha, mpaka nje na ndani viwe na joto moja, kisha kukishusha polepole vikiwa bado pamoja. Kwa milimita 12 kaa saa 2 kwenye 550. Shuka nyuzi 50 kwa saa mpaka 490, kisha 90 kwa saa mpaka 430, zima, na usifungue mpaka kipimo kiwe chini ya 50. Kutoka kuanza kutuliza hadi kuzima ni karibu saa nne, na tangu kuwasha ni saa 13 hivi, kabla ya muda wa kupoa. Anayeanza kazi ya unene huo jioni akakuahidi kukukabidhi kesho yake asubuhi anakuuzia kioo ambacho hakijatulia.

Unene ukiongezeka, muda hauongezeki kwa uwiano uleule, na hapo mafundi wazuri hudanganyika. Jedwali la Bullseye kwa kioo chao linataka unene wa milimita 12 ukae saa 2 kwenye nyuzi 482, kisha ushuke nyuzi 55 kwa saa. Kwa milimita 25 ni saa 4, na kushuka ni nyuzi 15 tu kwa saa. Unene umezidi mara mbili, mwendo wa kushuka umepungua karibu mara nne. Joto la kutulizia la kioo cha dirisha liko juu kuliko hilo, ila mwendo ni huohuo. Kazi isiyolingana unene, penye tabaka mbili hapa na nne pale, ipozwe kama vile yote ni nene kuliko sehemu yake nene kabisa.

Namba hizi ni za kuanzia. Kipima joto kinasoma hewa iliyokizunguka, hakisomi kioo, na tanuru la kauri lenye nyaya ubavuni hupasha kingo kabla ya katikati, kwa hiyo linataka kupandishwa taratibu zaidi kuliko lenye nyaya juu. Weka vipande vya majaribio kwenye pembe zote na katikati, vitazame kwa zile tando, urekebishe.

Umeme nao hukatika. Ukikatika wakati wa kupanda chini ya nyuzi 540, usifungue; ukirudi, soma joto lilipofika na uanze tena kwa nyuzi 100 kwa saa. Ukikatika wakati wa kutuliza, funga matundu yote na funika tanuru. Ukirudi joto likiwa limeshuka chini ya 490, panda tena polepole mpaka 550 na uanze saa 2 upya, hata kama ulikuwa umebakiza dakika kumi.

Kazi ikipasuka, isome kabla ya kuitupa. Ufa wenye kingo zilizolainika na kuviringika ulitokea wakati wa kupanda, kabla ya kuyeyuka: ulipasha upesi mno. Ufa wenye kingo kali umetokea wakati wa kupoa au baadaye. Ukiwa umepita katikati kwa kupindapinda, kioo hakikutulizwa. Ukiwa umefuata mpaka kati ya kipande na kipande, vioo haviendani. Kazi iliyopasuka kwa sababu hii ya mwisho haiponi kwa kuchomwa tena, maana kila ikipoa mvutano unarudi palepale.

Unga wa enameli, oksidi na tope lililokwanguliwa usivutwe puani. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, si kitambaa, na futa meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Kingo zisagwe kwa jiwe la almasi likiwa na maji. Sahani yenye rangi za oksidi za kutengeneza mwenyewe iuzwe kama pambo tu, na mteja aambiwe waziwazi kwamba haiwekewi chakula.

Kwa wenye maduka ya vioo nina ombi mahususi. Msitupe vipande vyote pipa moja. Tengeni mabaki ya kila shiti, muandike kwa kalamu ya rangi jina la kiwanda, unene na tarehe ya mzigo. Kipande cha sentimita 20 kilichoandikwa hivyo kina thamani ya kuuzwa. Kisichoandikwa ni taka. Vyuo vya ufundi vyenye matanuru ya kauri viongeze kidhibiti cha joto kinachoweza kupangiwa hatua, na jaribio la tando mbili lifanywe na kila mwanafunzi kwa mkono wake. Na mteja, unapokabidhiwa kazi ya tabaka, muombe fundi aiweke kati ya tando mbele ya taa ukiwapo, kisha akuandikie kwenye risiti aina ya kioo, unene na saa alizotumia kuituliza.

Wako,
Fundi wa kioo cha tanuru,
Dar es Salaam